Taa ya Bwana Mkubwa

Mwanga wa nyumba ile ulikuwa kwenye kizimba. Chumba kizima kimejaa giza la mvua, kona moja tu ina jua, jua la taa, jua la kununuliwa dukani. Chini yake analala Bwana Mkubwa, iguana wa binti wa nyumba, mjusi mkubwa wa kufugwa, kijani kibichi, kidevu juu, macho nusu wazi, kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wapangaji.

Hivyo ndivyo alivyokuwa hadi jana.

Mama mtu, fundi cherehani, hakumpenda mjusi yule, tusifichane. Lakini siku ya kupelekwa hospitali, binti alimshika mkono: "Mama, usimwache kwenye uchafu. Na taa isizimwe, baridi itamuua." Mama akaapa. Mtoto anaumwa hivyo, utamkatalia nini?

Jana daktari alimvuta mama kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dawa zimegonga mwamba. Mama akafuta uso, akarudi kitandani kwa mwanawe, akacheka. "Daktari kasema utapona."

Akaenda nyumbani, akashika ndoo.

Sugua, mama, sugua. Bwana Mkubwa akawekwa kwenye beseni la nguo. Taa ikachomolewa, maana maji na umeme havipatani. Akazoa mavi, akazoa mchicha ulionyauka, akakunja magazeti yaliyolowa. Sugua sakafu, sugua nyavu, sugua tawi analopandia. Machozi yakamtoka, akasingizia siki iliyokuwa kwenye maji. Sugua, mama, sugua, utadhani kila doa la dunia hii linatoka kwa kusuguliwa.

Kizimba kikatakata. Akamrudisha mwenye kizimba, akafunga mlango, akajitupa kitandani na nguo zake mbichi. Taa hakuichomeka.

Asubuhi Bwana Mkubwa alikuwa mkavu kama ukuni.

Masikini mama wa watu! Alichomeka taa. Akamtia mjusi kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyomtia binti siku aliyozaliwa. Akampulizia, akambembeleza, akamwita baba, akamwita kipenzi, yeye aliyekuwa akimwita balaa. Wapi! Mkia ulining'inia, jicho halikupepesa. Alikuwa amekufa.

Simu ikalia.

"Shikamoo, Mama. Bwana Mkubwa hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo kabisa. Mchicha wote kaumaliza."

Ilisikika pumzi ya binti tu, nzito, pumzi ya mtu anayepanda ngazi naye amelala.

"Mama."

"Niambie, mwanangu."

"Hiyo ndiyo sauti uliyoniambia nayo jana kwamba nitapona."

Mama akashuka taratibu hadi sakafuni.

"Usikate," binti akasema. "Kaa hapo hapo tu."

Hakukata. Alikaa sakafuni, simu sikioni, mjusi kifuani. Nje mvua, ndani giza, na kule konani taa inawaka, jua lile lile la dukani, linaangaza kizimba kisafi, kikavu, kisicho na kitu.