Mlinzi wa Upande wa Mama

Mume wangu Ratomir alipangiwa kupimwa utumbo kwa kamera siku moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa ukoo wao. Tulikuwa tumeingoja zamu hiyo tangu Pasaka. Akiikosa, angengoja mwaka mwingine, na baba yake hakuupata huo mwaka mwingine: saratani ya utumbo ilimwondoa akiwa na umri kama wa Ratomir sasa. Kipimo cha damu kilikuwa kimeshaonyesha kwamba Ratomir amerithi kasoro ileile.

Daktari alikataza chakula siku nzima ya kabla ya kipimo. Ruhusa ilikuwa ya vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, na kuanzia alasiri dawa ya kuharisha. Lakini siku ya mtakatifu wake mwenye nyumba husimama tangu asubuhi akipokea watu, na yeye ndiye huonja kwanza ngano iliyochemshwa na kuchanganywa na jozi. Watu hawaalikwi, wanakuja tu. Nasi tuna choo kimoja.

Padri alipokwisha kubariki na kuondoka, mama mkwe wangu Desanka alimnyooshea Ratomir kijiko cha ngano.

"Onja, mwanangu. Watu wanangoja."

"Mama, jozi zimekatazwa!" nikasema.

"Na nani? Mtakatifu Nikola hajakataza. Ugonjwa huu nausema kila siku, ni kukaa kwenye saruji baridi. Baba yake pia alikuwa hasikii."

Shangazi Vidosava, dada wa marehemu, alikuwa ameinua glasi ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, mbele ya gazeti. "Kama ni kupitisha mwanga, hii inapitisha. Naona mpaka bei ya nguruwe. Kunywa, Ratomir, ni dawa."

Ratomir alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akakitazama kijiko. Mkono ukaanza kwenda. Nikaomba moyoni, Bwana nipe maneno, maana mimi si msomi.

"Mama," nikasema, "daktari alinieleza hivi. Katika kila chembe ya mwili kuna jeni inayozuia nyama zisiote ovyo. Kila mtu anazo mbili, kama walinzi wawili getini. Mmoja unampata kwa baba, mwingine kwa mama. Kwa Ratomir, yule wa baba ni mbovu tangu kuzaliwa."

"Mbovu vipi?" akauliza shangazi.

"Hafanyi kazi. Kwa hiyo yule wa mama analinda peke yake. Pale anapoharibika naye, kinyama kinaota utumboni. Kikiachwa kinageuka saratani."

Kijiko kilisimama hewani. "Yaani," akasema mama mkwe taratibu, "anayefanya kazi ni wa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wa kina Vidosava amelala?"

"Wifi, usianze," akasema shangazi.

"Sianzi, wifi! Ni sayansi! Miaka yote wa kwangu yuko zamu peke yake, wenu anakoroma. Nilijua tu. Mlivyokuja kunichumbia, kaka yako alisinzia mezani!"

"Alikuwa amechoka na safari!"

"Safari gani, mnakaa mtaa wa pili!"

Kile kijiko akakila yeye mwenyewe. Kisha akawageukia wageni. "Jamani, karibuni, kuleni. Ila choo leo ni cha mwanangu. Mwenye haja aende kwa Blagoje hapo jirani."

Blagoje naye msimamizi wa ukoo wake ni Mtakatifu Nikola, na aliyeingia kwake siku hiyo hatoki bila kulishwa. Akaenda mmoja, hakurudi. Wakaenda wawili, tukasikia wameanza kuimba. Kufikia alasiri samaki wetu wa sikukuu walikuwa mezani peke yao, na Ratomir alikuwa na choo chake na amani yake, ingawa hiyo amani ilikuwa na kelele nyingi. Mimi nilisali nje ya mlango huku nikimpitishia glasi za dawa. "Ombea na dawa iishe," alinijibu.

Kesho yake asubuhi, hospitalini, daktari alikuta vinyama kadhaa, akavikata vyote. Baadaye majibu yalisema hakuna hata kimoja kilichokuwa kimegeuka. Atapimwa kila mwaka, maisha yake yote. Mungu ashukuriwe.

Siku hiyo ya kupimwa, nilipotoka kumpigia mama mkwe simu, nilimkuta shangazi Vidosava kwenye benchi la ukumbini, amevaa koti lake la kanisani.

"Shangazi! Umekuja kumwona Ratomir?"

"Nimepita tu." Akatazama huku na huku. "Kaka yangu na mimi ni baba mmoja, sivyo?"

"Ndivyo, shangazi."

"Basi niambie kabla sijaingia kwa huyo daktari. Hiyo dawa ina ladha gani?"

"Limau."

"Limau nzuri?"

Tangu jana nilikuwa nikiomba nisiseme uongo. "Hapana, shangazi," nikasema, nikamshika mkono tukaingia.