Mistari Iliyosogea

Mwalimu wa fizikia aliingia kiwanda cha uchapaji na karatasi aliyoikuta mezani nyumbani, na salamu akaiacha mlangoni. Hasira zilikuwa zimempanda njia nzima.

"Shemeji, ukurasa wa arobaini na mbili wa kitabu changu. Nani kaugusa?"

Mpanga kurasa, mdogo wa mumewe, alitabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa. "Mimi. Ule utepe wa rangi wa chini ulikaa vibaya, mistari yake myeusi haikulingana na ya juu. Nikaisogeza. Sasa hata kipofu anaona inafanana."

Mtu nadhifu kupita kiasi, huyu. Hata viatu vya wageni huvipanga. Siku nyingine mwalimu aliicheka tabia hiyo. Leo alitamani kumzaba kofi.

"Utepe wa juu ni mwanga wa taa ya maabara," alisema. "Wa chini ni wa galaksi inayotukimbia. Kwa kuwa inatukimbia, mistari yake inasogea upande wa nyekundu. Huko kusogea ndiko kunakotuambia inakwenda kasi gani. Nimeipima miaka minne, shemeji. Wewe umeisimamisha asubuhi moja."

"Lakini picha imependeza."

"Imependeza, na ni uongo. Na jina kwenye jalada ni langu."

Vitabu vilitakiwa kufika shuleni jioni hiyo. Msimamizi wa kiwanda alisogea, akafungua faili. Kiwandani kwake kurasa hazifungwi kuwa kitabu bila sahihi ya mwandishi. "Sahihi hii hapa, mama. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Mwalimu akatazama. Mwandiko ulikuwa wa mumewe.

"Nilizileta kurasa nyumbani kwenu, wewe ukawa darasani," shemeji akasema, sauti imeshuka. "Kaka akasema haya mambo yako ya nyota hayana haja ya kukusubiri."

Damu ilimchemka. Miaka minne mume yule alikuwa akimwambia hongera wakila, na kumbe hakuwahi kuuliza anapima nini. Mwalimu alichukua kalamu ya msimamizi, akaikata ile sahihi, akaandika pembeni: Sijakubali.

"Sasa haina sahihi. Rudisheni mistari pale ilipokuwa."

Msimamizi akaguna, akaenda kuwaambia wafungaji wa vitabu waache kazi.

"Kaka atasema nini?" shemeji aliuliza.

"Atasema nikirudi," alijibu, akivuta kiti mbele ya kompyuta. "Kama nitarudi."