Kochi la Bwana Vibao

Alikuwa mwanamke fundi wa makochi, na kwa kusonya hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Alimsonya mteja aliyechagua kitambaa kibaya, akawasonya waimbaji wa redioni, tena hao aliwasonya kwa kuvuta. "Wimbo mzima jina la gari na kiuno cha mtu," alisema, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni.

Nyimbo zake alizirekodi palepale karakanani siku za mapumziko, yeye na mdogo wake wa kiume, mpiga gitaa. Walisimamisha magodoro ya sponji pande nne, wakajibana katikati na maikrofoni moja iliyofungwa kwa utepe wa gundi, wakatoka wamelowa jasho chapachapa. Zilikuwa nyimbo nyepesi, za kuchezeka, za mapenzi na majirani wenye midomo. Walizirusha wenyewe kwenye simu za watu, bila kumpigia mtu magoti.

Siku moja akaja mteja, miwani ya jua usoni hata ndani ya karakana. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya muziki. Walimwita Bwana Vibao, kwa sababu kila msanii aliyemshika alitoa kibao kimoja, kisha akapotea kama moshi. Alitaka kochi la ofisini livalishwe upya. Wimbo wao mpya ulikuwa unalia kwenye spika.

"Nani anaimba?"

"Mimi."

Akamtazama juu mpaka chini, kama anayepima kabati. "Una miaka mingapi, dada?"

"Arobaini na miwili."

"Tutaandika ishirini na sita. Kochi likiwa tayari lileteni wenyewe, tuongee."

Alipoondoka, mdogo mtu nusura aruke. "Dada, tumetoka!"

"Tumetoka wapi? Hapa palikuwa na ubaya gani?"

Alhamisi asubuhi wakalipeleka. Ofisi ilijaa picha za vijana waliokenua meno, na ukutani lilitundikwa gitaa lisilo hata na waya mmoja. Bwana Vibao, mwanasheria wake na binti wa matangazo wakalikalia kochi, fundi bado hajaukaza mguu wa mwisho, wakaanza kuuchinja wimbo. Ubeti wa tatu utoke, unachosha. Kiitikio kije mapema. Sauti ifanywe ya kitoto. Mdogo wake aliitikia kila neno, "Sawa bosi, sawa bosi," mpaka dada mtu akaona haya kwa niaba ya marehemu mama yao.

"Samahani," akasema kutoka kule chini alikopiga magoti na bisibisi yake. "Nani kati yenu ameusikiliza mpaka mwisho?"

Bwana Vibao akacheka. "Dada, sisi sekunde kumi na tano zinatutosha."

"Basi niimbieni hizo kumi na tano."

Mkurugenzi akakohoa. Mwanasheria akaikumbuka simu yake. Binti wa matangazo akajaribu kuguna kitu, kikawa wimbo wa mtu mwingine kabisa.

"Kwenye ubeti wa tatu ndipo mume anaporudi nyumbani," fundi akasema. "Mmemfukuza, na hata hamkujua kama alikuwepo. Inukeni."

Wakainuka, sijui kwa nini, labda kwa ile sauti. Akaukaza mguu, maana kazi mbovu hakuwahi kumwachia hata mtu aliyemdharau, akakusanya vifaa vyake na kutoka. Wimbo akaondoka nao.

Mdogo wake akamkimbilia ngazini. "Umenizibia riziki yangu!"

"Mimi nimeziba mlango? Rudi. Wanapenda magitaa yasiyolia."

Akarudi kweli. Wakampa koti linalometameta, wakamsimamisha nyuma ya kijana mmoja mwenye nywele za rangi, ashike gitaa huku muziki ukipigwa na kompyuta. Alitokea kwenye video tatu. Katika ya kwanza alionekana uso, katika ya pili mgongo, na katika ya tatu kiwiko tu. Dada yake alizitazama zote, bila kukosa hata moja, akisonya.

Miezi minne ilipopita, akamkuta mdogo wake mlangoni mwa karakana, gitaa begani, macho kwenye viatu.

"Kiwiko kimerudi," akasema.

"Dada, yaishe."

"Hayajaisha. Vua hilo koti, linapiga kelele. Shika godoro upande huo."

Wakajibana humo ndani. Vidole vya mdogo wake vilikuwa vimekuwa laini kama vya mgonjwa, na akakosea mara mbili kabla hata hajafika kwenye kiitikio. Dada yake akafyonza hewa katikati ya meno, kwa kuvuta.

"Toka mwanzo," akasema.