Paa Lisilo na Ukuta

Fundi mwashi yule watu walimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Kila siku ya ibada yeye ndiye aliyesimama mbele ya kusanyiko kusoma Torati, na akisoma hata watoto wachanga walinyamaza. Wageni walimngoja mlangoni kumsifu. Alipenda kusifiwa, tusifiche.

Mkewe pekee, mama watoto wake, ndiye hakuifaidi sauti ile. Homa ilimharibia masikio zamani, likabaki la kulia, nalo kidogo tu. Kwa hiyo wakitoka ibadani walipanda juu ya paa lao, paa bapa la zege, wakaketi penye upepo kati ya nguo zilizoanikwa. Kengele alisogeza mdomo kwenye sikio lile na kumrudishia somo lote. Mama alisikiliza amefumba macho, na mwisho aliuliza swali lake lile lile.

"Haya. Sasa tunafanya nini?"

Swali hilo lilimchosha Kengele kuliko kubeba zege. Waliposoma habari ya kumrudishia adui yako mnyama wake aliyepotea, mama alimkamata mbuzi wa jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana naye, akamburuta mpaka mlangoni kwake. Jirani alidhani ameletewa ugomvi. Waliposoma habari ya kuwaachia maskini pembe za shamba, aliacha matuta ya maharage bila kuyachuma, na mumewe akanung'unika msimu mzima.

"Mama watoto, kila neno likisomwa lazima ulitende leo leo?"

"Sasa ulitaka nilifanye nini, nilipike?"

Ikafika zamu ya somo la nyumba mpya. Ajengaye nyumba na ajenge ukuta kandokando ya paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Kengele alilisoma vizuri ajabu. Mbele yake walikaa watu aliowajengea kuta hizo hizo kwa mikono yake, zimenyooka kwa timazi. Nyumba yake mwenyewe haikuwa na ukuta huo. Paa liliishia hewani, nondo zimechomoza pembeni zikingoja ghorofa aliyoiota tangu alipooa. Mganga hajigangi.

Juu ya paa alifikiria kuliruka somo. Hakuliruka, ubaya wake haukufika huko. Mama alifumbua macho, akatazama pale zege linapokoma.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tutajenga nikipandisha ghorofa."

"Lini?"

"Mwakani. Nikijenga ukuta sasa nitakuja kuubomoa. Kazi mara mbili ya nini?"

"Kwani limesema mwakani?"

Kengele akajifanya hakusikia. Katika nyumba ile aliyeitwa kiziwi ni mama, na hapo ndipo watu walipokosea.

Mwaka ukapita, masomo yakazunguka, somo la paa likarudi. Kengele alilisoma tena kwa sauti ile ile, akamrudishia mkewe tena, mkewe akauliza tena. "Mwakani," akajibu. Safari hii mama hakubishana. Alianua nguo zake, akashuka.

Kesho yake Kengele alikwenda kazini kumalizia ukuta juu ya paa la mwenye duka la dawa.

"Fundi," mwenye duka akamtania, "jana ulikuwa unatusomea au unatangaza biashara?"

Wakacheka. Alikuwa bado ana kicheko mdomoni binti yake alipofika mbio, miguu mitupu, akasimama chini ya ngazi akimwashiria ashuke.

Nyumbani, mama alikuwa amelala uani, wamemfunika shuka iliyotoka kambani. Karibu na kichwa chake palikuwa na tofali.

"Alisema anapanda kuanika, baba," binti akasema. "Alibeba beseni. Sikutazama ndani."

Kengele akapanda juu. Kwenye ukingo mkewe alikuwa ameanza ukuta. Aliyatumia matofali mabovu yaliyobaki ujenzini, aliyapandisha kwa beseni la nguo, akayaunga kwa udongo kwa kuwa hakujua kuchanganya saruji. Mstari ulipinda vibaya. Kibarua angeujenga hivyo Kengele angemfukuza. Alikuwa ameanzia upande wanakochezea wajukuu. Ulifika katikati, ukakoma penye pengo la tofali moja. Udongo ulikuwa mbichi bado, na alama za vidole vyake zilikuwamo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema guu la nani.

Msibani watu walimshika mkono mmoja mmoja. "Kazi ya Mungu haina makosa," walisema, naye akaitikia kwa kichwa. Mwishowe akaja mzee wa kusanyiko, akaketi kando yake.

"Jikaze, ndugu yangu. Ndiyo mapenzi ya Mungu. Sisi binadamu tungejuaje?"

"Mapenzi yake niliyasoma mwenyewe, mzee. Kwa sauti. Na wewe ulinisifu."

Mzee akatazama mikono yake.

Walipokwisha kuzika, Kengele hakungoja matanga yaishe. Alivua shati, akachanganya saruji mbele ya waombolezaji, akapanda. Aliubomoa ule mstari uliopinda, maana haukuweza kumzuia hata kuku, na kila tofali la mkewe akalirudisha ndani ya ukuta mpya. Alijenga pande zote nne mpaka ukamfika kifuani. Ulinyooka. Hakuwa amepata kujenga ukuta mzuri kama ule, na alijichukia kwa jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ndogo.

Akaosha mwiko, akaketi pale walipozoea kuketi, upande wake wa kushoto ameacha nafasi ya mkewe. Chini watu walikuwa wakiimba. Alikaa mpaka saruji ikaanza kushika, na hakuna aliyemuuliza sasa wanafanya nini.