Koti Lisilofumulika

Walimwita Mama Sare kwa sababu tangu ujana wake alishona sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa ule walikaa darasani wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kuvaa nguo iliyoanzia mwilini mwake. Zote zilianzia kwa dada yake. Dada akinenepa, Mama Sare anapata gauni. Dada akiichoka rangi, Mama Sare anapata blauzi. Mfuko ukija, yeye hushukuru, hupunguza kiuno, huvaa.

Safari hii binti wa dada alikuwa anaolewa, na mfuko ukaja mapema. Ndani mlikuwa na gauni la zambarau lililopauka makwapani. Mama Sare aliliangalia, akalikunja vizuri, akalirudisha mfukoni. Kisha akaenda kwa fundi makochi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akachagua kipande cha ngozi bandia nyeusi, laini, yenye kung'aa kidogo. Fundi akamuuliza anavalisha kiti gani. Akamjibu kwamba havalishi kiti, anamvalisha mama mmoja hivi wa makamo. Fundi alicheka mpaka misumari aliyoibana midomoni ikamdondoka.

Ngozi ile ina tabia zake. Haitaki pini kabisa, maana ikitobolewa, imetobolewa. Pamba ukiichoma, tundu hujifunga. Ngozi hii inaweka kinyongo. Kwa hiyo aliibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, koti alilokuwa akilishona likatoa meno pande zote. Mguu wa cherehani ukang'ang'ania ngozi, akalaza ukanda wa karatasi katikati, akashona juu yake, kisha akaichana karatasi polepole. Alirefusha mshono pia, kwa sababu matundu yakisongamana ngozi huchanika kama tiketi. Na kufumua hakuna. Kila mara kabla ya kukanyaga cherehani ilimbidi akate shauri moja kwa moja, jambo ambalo hakulizoea. Akajikuta analipenda.

Siku moja kabla ya harusi, dada yake alikuja kukagua. Alilikuta koti limetundikwa mlangoni, akauliza ni la mwendesha pikipiki gani.

"Langu," akasema Mama Sare.

Dada alisema mengi. Kwamba watu watadhani kochi limesimama likaja harusini. Kwamba mtu mzima hang'ai. Kwamba yeye ndiye mama wa bibi harusi, na aibu itamshukia yeye. Mwisho akamwamuru alivae amuone, na alipomuona akasema kama ni lazima, basi angalau libanwe kifuani. Huku akisema, mkono wake ulishachota pini kwenye kimto, akazichomeka kwa mshazari kutoka begani kushuka, ta, ta, ta, kama alivyozoea kufanya kwenye magauni aliyompa.

"Dada, toa mkono."

Dada akacheka, kwani pini si hutoka? Akachomoa moja. Tundu likabaki, likiwatazama. Alilisugua kwa kidole, akalitia mate, akaomba pasi. Mama Sare akamwambia pasi italiyeyusha. Hapo dada alikaa kitandani na kuilainisha sauti, ile sauti ambayo miaka yote ndiyo iliyokuwa ikimshinda mdogo wake.

"Basi tena, mdogo wangu, limeshaharibika. Si gauni lipo?"

Mama Sare alivua koti, akachomoa pini zilizobaki. Akatoa uzi mwekundu, ule mnene wa kushonea mikoba, akaupitisha katika matundu yaleyale, moja baada ya jingine, mpaka mstari mwekundu ukakata kifua kwa mshazari. Upande wa pili ulikuwa mzima bado. Akauvuta karibu, akaanza kuutoboa kwa sindano yake mwenyewe.

Dada alishika mdomo. "Sasa unaliharibu lote."

"La kwangu, dada."

Kesho yake, mlangoni mwa ukumbi, watu wakijipepea kwa joto, dada alimkimbilia na mtandio, eti ajifunike, kuna baridi. Mama Sare aliupokea, akaukunja vizuri, akautia katika ule mfuko wa dada, aliokuja nao, juu ya gauni la zambarau, kisha akamkabidhi mwenyewe mfuko wake.

"Nimekushukuru sana, dada. Sasa inatosha."

Bibi harusi aliyekuwa akingoja kuingia aligeuka, akaishika ile mistari miwili myekundu kwa ncha za vidole. "Mama mdogo, nani kakushonea hili?"

"Nimejishonea."

Viti vya mbele vilikuwa vya ndugu. Ngozi bandia hulia mtu akitembea, nayo ilianza kulia tangu hatua ya kwanza, mpaka watu wa nyuma wakainua shingo. Mama Sare angeweza kuharakisha akakae. Alipunguza mwendo, ili wasikie vizuri.