Spika ya Nje

Pasta Ngigi wa Mwiki alipenda vitu viwili duniani: Injili na spika ya nje. Spika yenyewe ilifungwa juu ya paa la mabati ikielekea barabarani, ili hata wanaolikimbia kanisa wasikie. Na wimbo wake kwa waumini ulikuwa mmoja: "Ukimkosea mtu mbele za watu, tubu mbele za watu!" Kuhubiri ni rahisi, jamani.

Jumapili moja alitangaza kwa spika hiyo hiyo kwamba Mukonyo, kiongozi wa kwaya, amesimamishwa kwa sababu ya ulevi. Wangechi, katibu wa akina mama, alikuwa amempigia pasta simu kumweleza kwamba Mukonyo haji mazoezi siku hizi, kwani kila Jumamosi yuko kijijini kwao Gatuanyaga, "anarea." Pasta akasikia analewa, wala hakuuliza mara ya pili. Kufikia Jumatatu wateja wa chapati za Mukonyo walikuwa wamehamia kibanda cha jirani, na watoto wa ploti walimwita mlevi akipita.

Wiki mbili baadaye pasta akapanda bodaboda hadi Gatuanyaga kumwombea mpotevu. Alifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Akamkuta Mukonyo anakoroga uji, mtoto mchanga mgongoni.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa dadangu Kaluki, yule tulizika mwezi wa tatu. Mama hawezi peke yake, so wikendi nakuja kumsaidia kulea. Kwani Wangechi hakukuambia?"

Pasta akalirudia kimoyomoyo neno la Wangechi. Anarea! Mkikuyu mwenzake, ambaye l yake hugeuka r, amemwambia anarea akimaanisha analea, na yeye mwenyewe, anayepaza "hareruya" kila Jumapili, hakung'amua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe, pasta. Lakini hapa ni Gatuanyaga. Ulinitangaza Mwiki."

Mzee Kinyanjui, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alipopata habari alikuwa na dawa tayari. "Pasta, hiyo sema ndani tu. Spika ya nje tuzime. Watu wa barabara wakisikia umekosea, nani atatuheshimu tena?" Maneno yalikuwa matamu na pasta, tuseme ukweli, aliyameza kwa furaha.

Lakini asubuhi ya Jumapili alipoingia kanisani alikuta waya wa spika umeshachomolewa, umekunjwa vizuri kando ya ukuta. Akasimama akiutazama. Aliogopa. Aliwaza viti vikibaki vitupu, akawaza pia chapati za Mukonyo zikipoa bila mnunuzi. Akauchomeka mwenyewe, akaongeza sauti.

"Watu wa Mwiki," alianza. "Nilisema Mukonyo anarewa. Si kweli. Mukonyo hanywi pombe. Mukonyo anarea!"

 Kisha kutoka barabarani mtu wa bodaboda akapiga kelele, "Sasa pasta, si hiyo ni kitu moja?"

Watu wakaangua kicheko. Pasta akatokwa na jasho. Akashika maiki kwa mikono miwili, akaulazimisha ulimi wake mkaidi kama mtoto wa nasari: "A-na-le-a. Analea mtoto wa marehemu dada yake. Mimi ndiye sikuuliza. Mukonyo, nimekukosea. Watu wa Mwiki, nimewadanganya, mnisamehe."

Hakuna aliyesema amina. Kinyanjui aliangalia viatu vyake. Pasta alijiambia kwamba kanisa ndilo hilo limekwisha, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo Mukonyo akaingia. Kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na alikuwa amesikia kila neno. Mikono yake ilikuwa na unga, na mgongoni alimbeba yule mtoto, ambaye safari hii alikuwa amekuja naye mjini. Akapita katikati ya viti hadi mbele, akafungua leso, akamweka mtoto mikononi mwa pasta.

"Nimesikia. Hata wale wa stage ya bodaboda wamesikia," akasema. "Sasa shika. Lea kidogo, mimi niimbe."

Kwaya ikasimama kabla hajaiita. Kufikia ubeti wa pili mtoto alikuwa ameilowesha suti ya Jumapili kuanzia kifuani hadi mfukoni, na pasta hakumrudisha mpaka wimbo ulipokwisha.