Vikombe vya Mwalimu Musimbi

Kila asubuhi kengele ilipolia, Mwalimu Musimbi aliingia Gredi ya Saba, akaweka spika nyekundu juu ya meza, akabonyeza kitufe, akatoka. Sauti yake ilibaki humo ikifundisha Sayansi. Yeye mwenyewe alivuka hadi Gredi ya Nane, akaacha spika nyingine ikifundisha Kilimo, kisha akaingia Gredi ya Tisa kwa miguu yake na koo lake, akashika chaki. Hakuwa na njia nyingine. Sekondari msingi ya shule hiyo ya Kiplombe ilikuwa na madarasa matatu, masomo tisa na mwalimu mmoja, naye alikuwa mwanagenzi, yaani mwalimu mwenye digrii anayefanya kazi yote ya mwalimu huku akiambiwa kwamba bado anajifunza.

Masomo hayo ya sauti, podikasti zake, aliyarekodi chumbani kwake Kapsoya akiwa amejifunika blanketi hadi kichwani, ili bodaboda za nje zisisikike. Alizirekodi kwa makini, akiacha nafasi ya mwanafunzi kufikiri na nafasi ya kuandika. Jogoo wa jirani alipenya mara kwa mara katika somo la mmeng'enyo wa chakula, wanafunzi wakamzoea.

Siku moja Priscah wa Gredi ya Saba aliinua mkono mbele ya spika, kwa mazoea tu.

"Ndiyo, Priscah," spika ikasema.

Priscah akauliza kwa nini mahindi yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka yanaota ukungu. Spika ikamweleza pole pole, ikamtolea mfano wa ghala la mjomba wake Priscah, kisha ikamwambia Kiplimo aliyekaa nyuma aache kusinzia. Kiplimo akaketi vizuri. Somo likaendelea.

Mwalimu Mkuu, Bwana Kigen, alipopata habari alikuja akasimama dirishani, akasikiliza.

"Inajibu maswali?"

"Inajibu, sir," Musimbi akasema.

"Sawa. Ihakikishe tu imemaliza silabasi."

Ila jioni, uchovu wa madarasa yote matatu ulirudi katika koo moja. Musimbi alipofika Kapsoya hakuweza hata kumsalimu mama mboga. Alinyoosha kidole kwenye sukuma wiki, akalipa, akaenda zake. Koo liliwaka moto na mgongo ukamuuma. Aliiomba ofisi ya elimu mwalimu mmoja tu wa kumsaidia. Hakujibiwa, akaomba tena.

Sasa, katika shule hiyo mtu hakuwa mwalimu mpaka awe na kikombe. Vikombe vya chai ya saa nne vilitundikwa kwenye misumari ukutani mwa ofisi ya walimu, wa shule ya msingi upande huu na wa sekondari msingi, JSS, upande ule, kila kimoja kikiwa na jina lililoandikwa kwa rangi ya kucha. Wanafunzi waliona haya, spika zikifundisha asubuhi nzima bila kutia kitu kinywani. Wakaleta vikombe viwili, wakaviandika Mwalimu wa Saba na Mwalimu wa Nane, wakavitundika kando ya kile cha Musimbi. Chai ya maziwa ikamiminwa, spika zikawekwa mezani pamoja na walimu wengine, na kengele ilipolia vikombe vilikuwa vitupu. Mwalimu Mabonga wa Gredi ya Nne alinung'unika kwamba huyu wa Nane anamaliza sukari.

Afisa wa elimu alifika hatimaye, siku ya mvua ya mawe, akapangusa viatu mlangoni. Alijua kwamba walimu hawapatikani ofisini wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo alihesabu vikombe. Ndivyo maafisa walivyohesabu hapo miaka yote.

"Upande wa JSS mko watatu," akasema. "Mko sawa kabisa."

"Viwili ni vya podikasti," Musimbi akasema.

"Zinafundisha ama hazifundishi?"

"Zinafundisha."

"Na chai zinakunywa?"

"Zinakunywa."

"Sasa madam, unataka nini tena?"

Musimbi akauliza mbona basi walimu hao hawalipwi. Afisa akamweleza kwa upole kwamba sauti haina kitambulisho, na asiye na kitambulisho hawezi kuajiriwa. Anaweza kuhesabiwa tu. Kisha kandarasi ya Musimbi ikaongezwa mwaka mwingine wa uanagenzi, na hakuna mwalimu aliyeletwa.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Muda wote huo alikuwa na huzuni, na huzuni haikumsaidia chochote. Sasa alikuwa na hasira, na hasira ilimkaa vizuri.

Muhula wa pili walimu wanagenzi waliweka chaki chini. Musimbi alikuwa mjini, Barabara ya Uganda, tawi la mti mkononi na filimbi mdomoni, koo lake likipiga kelele ambazo hakujua kwamba bado linazo. Bwana Kigen hakutishika. Aliingia Gredi ya Saba, akaweka spika nyekundu mezani, akabonyeza kitufe.

"Good morning, sir," spika ikasema. "Leo hatufundishi."

"Kwani nyinyi pia mko kwa chama cha walimu?"

"Tulijiunga."

Akatoa betri. Spika ikaanza kupiga filimbi. Akajaribu ile ya Gredi ya Nane, nayo ikamwamkia vizuri na kukataa vilevile. Bwana Kigen si mtu wa kushindwa upesi. Alijifungia ofisini akarekodi podikasti yake mwenyewe ya Hisabati, akaenda kuicheza mbele ya Gredi ya Tisa.

Sauti ya Bwana Kigen ikakohoa kidogo, kama anavyokohoa yeye.

"Watoto," ikasema, "mimi niliajiriwa na cheti tu, na nikapewa kazi ya kudumu mara moja. Musimbi ana digrii na anazungushwa. Nimeona hayo yote na nimenyamaza, kwa sababu nataka kustaafu bila maneno. Fungeni vitabu."

Bwana Kigen alisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni. Kisha akafunga kitabu chake. Wanafunzi wakafunga vyao, wakaenda nyumbani.

Mgomo uliisha kwa ahadi, kama ilivyo kawaida ya migomo, na Musimbi akarudi kazini akiwa mwanagenzi yuleyule wa madarasa yaleyale. Afisa alikuja kupokea ombi la msamaha la Musimbi kwa kugoma, na la spika pia. Musimbi akasema kwamba, kwa ruhusa yake, angependa kulirekodi ombi hilo ili lisikike kila darasa. Afisa alilipenda wazo hilo.

Safari hii hakutafuta blanketi. Alishika simu katikati ya ofisi ya walimu, watu wote wakitazama.

"Mimi ni Mwalimu Musimbi," akasema. "Niko mmoja. Mlipohesabu watatu nilikuwa mmoja, na koo lililouma ni hili. Siombi msamaha leo, na kesho msinitarajie. Nataka mwalimu mwenzangu mwenye mwili, na nataka kazi yangu niandikiwe ya kudumu."

Akaicheza rekodi hiyo. Ilisikika safi, na ilipofika mwisho ikamsalimu kila mtu kwa jina. Mwalimu Mabonga akatoa kikombe kabatini, akagonga msumari ukutani kwa kisigino cha kiatu, akakitundikia sauti hiyo mpya kando ya kile cha Musimbi, akaenda kuulizia sukari.

Afisa alisema hiyo ilikuwa hotuba nzuri sana. Akainua macho ukutani, upande wa sekondari msingi, akaandika wanne.

"Usifunge kalamu," Musimbi akamwambia, akabonyeza tena kitufe cha kurekodi. "Tutajaa hapa mpaka mkose ukuta."

Afisa akasubiri, kalamu mkononi.